Wajibu wa Mwenye Kuiona Dhulma

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu Mtukufu, na kumsalia Mtume wake Muhammad (s.a.w.) na jamaa zake na masahaba zake, khabari inayokusudiwa katika kurasa hizi chache ni khabari ya mtu aliyeiona dhulma kwa macho yake kisha akanyamaza. Dhalimu mwenyewe amekwisha semwa sana, na kila Ijumaa hutajwa juu ya mimbari. Huyu wa pili, aliyekuwapo, akaona, akajua, akafunga kinywa chake, hatajwi sana; na pengine hukaa safu ya mbele msikitini.

Mfano wake hauko mbali. Mtu hufa katika mji wowote wa pwani hii, akaacha mke na watoto wadogo na kipande cha shamba la minazi. Matanga hayajaondolewa, na ndugu wa marehemu amekwisha shika funguo na hati, husema: "Mimi ni ami yao, na ami ni baba." Nazi huanguliwa kila zikomaapo, mbata hupelekwa kuuzwa, na mjane hupewa kibaba cha unga na maneno matamu. Mwaka wa pili mpaka wa shamba huhama. Minazi iliyokuwa ya mayatima huonekana upande wa pili wa alama. Mwaka wa tatu kipande cha shamba kimeuzwa, na mashahidi waliotia mikono yao katika hati ni watu wasiokaa mji ule. Mjane alikuwa na thumni yake kwa hukumu ya Qurani, na binti zake walikuwa na mafungu yao. Hapana mmoja aliyeyaona.

Watu wa mtaa wayajua yote haya. Huzungumzwa barazani baada ya sala ya Alasiri, mmoja akataja idadi ya minazi, mwingine akataja bei, wa tatu akatikisa kichwa, akasema dunia imeharibika. Anapotokea ami huyo kwa mbali mazungumzo hugeuzwa kuwa khabari ya mvua. Watu husogea wakampa nafasi, na kikombe cha kahawa humtangulia yeye. Ikifika Ramadhani huleta madafu msikitini ya kufuturia, nao huyanywa wakamwombea baraka.

Na katika watu wote hao anayejua zaidi ni mkwezi. Yeye ndiye aliyepanda kila mnazi tangu siku za marehemu. Ajua upi ulipandwa mwaka aliozaliwa mtoto wa kwanza, ajua ngapi zilishuka na ngapi zilihesabiwa, na alama ya mpaka ilipokuwa. Naye hulipwa ujira wake na ami.

Yafaa kwanza iondolewe shubuha moja. Wengi hudhani kuwa ami ana haki ya kushika mali ya watoto wa nduguye kwa kuwa ni ami yao. Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i jambo hili si hivyo. Imamu Nawawi amelibainisha katika Minhaji, kitabu kilichosomeshwa katika darsa za Lamu na Mombasa na Unguja zama kwa zama: walii wa mali ya mtoto ni baba yake, kisha babu mzaa baba, kisha wasii aliyeusiwa na mmoja wa hao, kisha kadhi. Ami hamo katika hesabu hii, wala ndugu mkubwa hamo. Hatta mama hamo, kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Bassi ami ambaye hakuusiwa wala hakuwekwa na kadhi ni mtu baki katika mali ile, ijapokuwa ni mtu wa damu. Na hatta walii wa haki haruhusiwi kuiuza ardhi ya yatima illa kwa haja, au kwa faida iliyo dhahiri ya yatima mwenyewe. Wale watu wa baraza, kwa hivyo, hawawezi kudai kuwa waliona jambo lenye khitilafu ya wanachuoni, ambalo hapana kukatazana ndani yake. Walichokiona ni munkari ulio wazi, na katika Suratun Nisaa Mwenyezi Mungu amewakhofisha wenye kula mali ya mayatima kwa dhulma kuwa kile wanachotia matumboni mwao ni moto.

Hadithi ya munkari waijua hatta watoto wa chuoni, kwani ni ya 34 katika Arubaini ya Imamu Nawawi. Mtume (s.a.w.) ameweka humo daraja tatu kwa mwenye kuuona munkari: aubadilishe kwa mkono wake, na asipoweza kwa ulimi wake, na asipoweza kwa moyo wake, na hiyo daraja ya mwisho ameiita imani iliyo dhaifu kabisa. Watu wengi wamelifanya daraja hili la tatu kuwa ndilo kao lao. Hukaa hapo kwa raha, wakasema, "Sisi tumechukia moyoni," kana kwamba ukosefu wa uwezo si sharti. Asiyeweza kusema ni yule aliyezuiliwa. Aliyekuwa na ulimi, na njia, na wakati, na mtu wa kumsikiliza, kisha akachagua kuchukia moyoni, huyo hakushuka daraja kwa udhuru. Ameshuka kwa kupenda.

Sababu iliyomfanya Abu Said al-Khudri kuitaja hadithi hii yapasa kukumbukwa, nayo imo katika Sahihi ya Muslim. Marwan bin al-Hakam, alipokuwa liwali wa Madina, aliitanguliza khutuba ya Idi kabla ya sala, kinyume cha sunna. Akasimama mtu mmoja katika watu, akamwambia kuwa sala ndiyo hutangulia. Marwan akamjibu kuwa hayo ya zamani yamekwisha achwa. Abu Said akasema kuwa mtu yule amekwisha timiza lililokuwa juu yake, ndipo akaitoa hadithi. Katika mapokezi haya jina la mtu yule halikutajwa. Hakuwa na cheo kilichoandikwa, wala hakupata alichokitaka, kwani Marwan hakurudi nyuma. Juu ya hayo sahaba wa Mtume alimshuhudia kuwa wajibu wake ameutimiza. Yafahamika hapa kwamba mtu haulizwi kama neno lake lilishinda; huulizwa kama alilisema.

Lakini katika jambo hili wanachuoni wa Kishafi'i hawakuwa na kauli moja, na si uaminifu kulificha hilo. Imamu Ghazali katika Ihyaa amelipambanua: mwenye kujua kuwa neno lake halitafaa kitu, na huku akakhofu kupigwa au kuumizwa, wajibu umemwondokea. Imamu Nawawi katika sherehe yake ya Sahihi ya Muslim asema kuwa wajibu hauondoki kwa kudhani tu kuwa neno halitafaa, kwani juu ya mtu ni kuamrisha na kukataza, wala si juu yake kukubaliwa. Watu wa baraza, pengine bila ya kuifungua Ihyaa, hupenda sana kauli ya Ghazali. Bassi mwenye kuitegemea na aitegemee yote. Ghazali huyo huyo ameeleza kuwa khofu inayotazamwa si khofu ya mwoga, ambaye kwake kila kivuli ni simba, wala si ushujaa wa asiyejali kitu. Hutazamwa mtu wa tabia ya kati. Na akaeleza kuwa kuogopa kulaumiwa na kusengenywa si udhuru. Sasa na ajiulize mtu aliye barazani: ami yule atamfanya nini? Atampiga? Atambomolea nyumba? Atakalofanya ni kununa, na kutomwalika harusini.

Ipo mas-ala nyingine ambayo ndani yake wengi hujificha. Kuamrisha mema na kukataza maovu ni fardhi ya kifaya, na mtu husikia neno kifaya akapumua, kwani afahamu kuwa wengine watatosha. Ni kweli kwamba wengine wakisimama, dhambi huwaondokea waliobaki. Lakini wasiposimama watu, dhambi huwaenea wote walioweza, na mji mzima ukawa na deni lile. Na wanachuoni wameeleza kuwa fardhi hii hugeuka ikawa ya dhati ya mtu, kama sala yake, pale anapokuwa hapana ajuaye ila yeye, au hapana awezaye kuuondoa munkari ila yeye. Kabla ya kuona, mtu alikuwa mmoja katika wengi, wala hakuamrishwa kupeleleza nyumba za watu. Kupeleleza kumekatazwa kwa nassi ya Qurani. Lakini jambo likipita mbele ya macho yake bila ya yeye kulitafuta, ujuzi ule umekuwa amana kwake, na amana hudaiwa.

Mfano wa hilo ni ushahidi. Imeandikwa katika Minhaji kwamba katika kesi isiyokuwa na mashahidi illa wawili, imewalazimu wawili hao kutoa ushahidi wao. Na akiwa shahidi ni mmoja peke yake, imemlazimu vilevile katika mambo yale yanayothibiti kwa shahidi mmoja pamoja na kiapo cha mdai. Na mambo ya mali ni katika hayo, kwa madhehebu ya Imamu Shafi'i. Qurani nayo, katika Suratul Baqara, imemwambia mwenye kuuficha ushahidi kuwa moyo wake umeingia dhambini. Wafasiri wameuliza kwa nini umetajwa moyo wala haukutajwa ulimi, na jawabu ni kuwa mahali pa kuficha ni moyoni. Ulimi haukufanya kitu.

Tena tazama, ndugu msomaji, hukumu hii humwangukia nani. Wale wenye kanzu safi wa barazani watasema kuwa wao walisikia tu, na aliyesikia si kama aliyeona. Husogea mmoja mmoja, na wajibu ukateremka kutoka kwa tajiri kwenda kwa mwenye duka, kutoka kwa mwenye duka kwenda kwa mwalimu, hatta ukamfikia mkwezi. Yeye hana wa kumsukumia. Yeye ndiye shahidi mmoja wa Minhaji. Na akisema, kesho hana kazi. Watu ishirini walioweza kusema bila ya kupoteza hatta kikombe cha kahawa wamemwachia mtu mmoja ambaye neno lake litamgharimu chakula cha watoto wake. Dhulma ya kwanza waliifanyiwa mayatima; hii ni ya pili, na walioifanya ni watu wa kusali jamaa.

Qurani imesimulia katika Suratul Aaraf khabari ya mji uliokuwa kando ya bahari, watu wake wakakatazwa kuvua siku ya Jumamosi, na samaki wakawa hujitokeza siku hiyo juu ya maji. Kwa watu wa pwani mtihani huu hauhitaji sherehe. Wakagawika mafungu matatu: waliovunja amri, waliowakataza, na fungu la tatu lililowauliza wenye kukataza kwa nini wanajisumbua kuwawaidhi watu ambao Mungu atawaangamiza. Ilipokuja adhabu, Qurani ikataja kuwa wenye kukataza waliokolewa, na wenye kudhulumu walishikwa. Fungu la tatu halikutajwa.

Imepokewa katika vitabu vya tafsiri kwamba Ikrima alimwingilia bwana wake Ibn Abbas, akamkuta analia, na msahafu uko mapajani mwake, amefika katika aya hizo. Akamweleza kuwa amewaona waliokataza wameokoka, wala hakusikia wengine wakitajwa. Naye na wenziwe huona mambo ya kuchukiza wasiseme. Ikrima akamtuliza kwa kumwonyesha kuwa lile fungu la tatu lilikuwa limechukia pia, kwani neno lao lenyewe latoa ushahidi wa kuchukia. Ibn Abbas akafurahi, akamvika nguo mbili. Wanachuoni wengine wameshika rai ya Ikrima, na wengine wamesema wasiotajwa waliangamia. Iliyo sahihi katika hizo Mungu ndiye ajuaye. Lakini aliyelia ni Ibn Abbas, mtoto wa ami yake Mtume, mfasiri wa umma huu. Wengi wa leo wamechukua fatwa ya Ikrima wakaiacha ile machozi.

Na kwa kuwa bahari imetajwa, haifai kuupita mfano wa jahazi uliopokewa na Nuuman bin Bashir katika Sahihi ya Bukhari. Watu walipiga kura katika chombo, baadhi wakapata sehemu ya juu na baadhi ya chini. Wa chini, kila walipotaka maji, iliwapasa kupita kwa wa juu. Wakaona bora watoboe katika sehemu yao wenyewe wasiwaudhi wenzao. Mtume (s.a.w.) akabainisha kuwa wa juu wakiwaacha, wote wameangamia, na wakiwashika mikono, wote wameokoka. Kila aliyepata kusafiri kwa jahazi aijua ngama, na awajua mabaharia wanaofua maji usiku kucha, na ajua kuwa hapana nahodha amwambiaye anayetoboa, "Hapo ni pako, fanya upendavyo." Jambo la kutazamwa sana ni kwamba watoboaji hawa hawakukusudia ubaya. Walikuwa na nia njema na hoja nzuri. Ami pia ana hoja nzuri: shamba lahitaji mwangalizi, watoto wahitaji mkubwa, mjane hajui bei za soko.

Wako wanaozuiliwa na jambo linalofanana na dini. Husema: kumtaja mtu kwa uovu ni ghiba, na ghiba ni haramu. Na maneno haya ajabu yake ni kuwa hayasemwi barazani wakati ami hayupo, pale ghiba yenyewe inapofanywa kwa raha pamoja na tende na kahawa. Hukumbukwa pale mtu mmoja anapotaka kwenda kwa kadhi. Imamu Nawawi ameweka katika Riyadhu Salihina mlango maalum wa ghiba iliyoruhusiwa, akahesabu sababu sita. Ya kwanza ni mwenye kudhulumiwa kumshitaki aliyemdhulumu kwa mwenye uwezo wa kumpatia haki, na ya pili ni kutaka msaada wa kuuondoa munkari. Kumbe neno lile lile likisemwa kwa jirani asiyekuwa na la kufanya ni haramu, na likisemwa kwa mwenye kuweza kuiondoa dhulma ni halali, na pengine ni wajibu. Watu wamelihalalisha la kwanza wakaliharimisha la pili.

Na wako wanaozuiliwa na heshima. Ami ni mtu mzima, ana mvi, alimzika baba wa fulani na kumwoza dada wa fulani. Vipi kijana amkabili? Heshima ni jambo kubwa, na asiyemheshimu mkubwa si katika mwendo wa Mtume. Lakini Mtume (s.a.w.) alipoamrisha mtu amnusuru nduguye akiwa amedhulumiwa au akiwa mwenye kudhulumu, masahaba walistaajabu, wakauliza vipi hunusuriwa dhalimu, akawaeleza kuwa kumnusuru ni kumzuia na dhulma yake. Imepokewa na Bukhari kwa Anas. Bassi mwenye kumpenda ami yule na kuona haya mbele ya mvi zake, yeye ndiye wa kwanza kupasiwa, kwani ndiye atakayesikilizwa. Kumwacha mzee aende kaburini na shamba la mayatima shingoni mwake si adabu.

Ama khofu, iliyo ya kweli, dawa yake haipatikani kwa maneno matupu, ila kwa kuzitazama sira za waliokhofishwa. Na kwa kuwa jina la Imamu Nawawi limetajwa mara nyingi katika kurasa hizi, na vitabu vyake vimo majumbani, yafaa watu wajue kuwa aliyeviandika hakuandika tu.

Alizaliwa mwaka 631 wa Hijra (1233) katika kijiji cha Nawa, nchi ya Shamu, akahamia Damascus kutafuta elimu, na mwaka 665 (1267) akawekwa kuwa mkubwa wa Darul Hadith al-Ashrafiyya. Alikula katika kile alicholetewa na baba yake kutoka kijijini. Mwanafunzi wake Ibn al-Attar, aliyeandika sira yake, asimulia kuwa hakuwa akila matunda ya Damascus, mji wenye bustani zilizosifika duniani. Alipoulizwa alitaja kuwa bustani zile zina wakfu nyingi na mali ya watu walio chini ya uangalizi, mayatima na mfano wao, ambayo haihalali kufanyiwa muamala illa kwa faida iliyo dhahiri yao, na watu hawalichungi sharti hilo. Imamu Nawawi hakuona kuwa wema wa tunda waufuta uchafu wa njia lilipopitia. Wale waliokunywa madafu ya futari, wakijua yalikotoka, na walipime jambo hili wenyewe.

Mtawala wa Misri na Shamu zama zile alikuwa Sultani al-Zahir Baybars, aliyetawala tangu mwaka 658 mpaka 676 (1260 mpaka 1277). Hakuwa Sultani mnyonge. Alipigana na Watatari na Wafrangi akawashinda, na jina lake lilitisha. Akaziwekea mkono bustani na milki za watu wa Damascus, kwa hoja kuwa nchi ile ilitekwa kwa vita na kwa hivyo ni ya Baitulmali, na mwenye kudai kuwa ni yake na alete hati. Wenye hati walikuwa wachache. Imamu Nawawi akasimama na hukumu ya sharia: mwenye kitu mkononi mwake ndiye mwenyewe, hafunguliwi dai wala hakalifishwi kuleta hoja. Na katika khabari nyingine, ya kuwaombea raia uadilifu, aliandika waraka, wakatia mikono yao wanachuoni wengine pamoja naye, akaupitisha kwa amiri Badr al-Din al-Khazindar ili amfikishie Sultani. Ndani yake aliwaeleza dhiki ya watu wa Shamu mwaka ule: mvua chache, bei kupanda, mavuno haba, na wanyama kufa.

Jawabu lililokuja lilikuwa kali, lenye kukemea na kutishia. Hapo ndipo pa kutazama. Wengi huandika waraka wa kwanza. Huo huandikwa kwa matumaini. Imamu Nawawi akaandika wa pili. Akaeleza humo kuwa kutishiwa wanachuoni kwa sababu ya nasiha siko kulikotarajiwa katika uadilifu wa Sultani. Na kuhusu nafsi yake, vitisho havimdhuru, wala lililo kubwa kuliko vitisho halimzuii kumnasihi Sultani, kwani aitakidi kuwa ni wajibu juu yake na juu ya wengine. Wenziwe aliwakinga, na nafsi yake akaitanguliza. Na katika jambo la milki zile wametaja wanachuoni kuwa hakuacha kumkumbusha mpaka Sultani akaliacha. Ibn al-Attar amepokea kuwa Sultani alikuwa akisema kuwa anamwogopa mtu yule.

Kuna kisa kingine kilicho mashuhuri zaidi, ambacho Suyuti ameandika: kwamba Sultani alitaka fatwa ya kuchukua mali ya raia kwa ajili ya vita na Watatari, wanachuoni wote wakatia mikono illa Nawawi, akamwambia Sultani auze kwanza mikanda ya dhahabu ya watumwa wake na mapambo ya vijakazi wake, akatolewa Damascus. Suyuti alikuja baada yake kwa miaka zaidi ya mia mbili, na nyaraka alizozihifadhi mwanafunzi wake ni imara kuliko kisa hiki kwa mwenye kutaka uthabiti. Lakini watu hupenda kisa cha mikanda ya dhahabu kwa kuwa kina kelele. Nyaraka hazina kelele: ni mtu amekaa, anaandika, anajibiwa vibaya, anaandika tena. Baybars alikufa mwanzo wa mwaka 676. Imamu Nawawi alizirudisha kwanza zile vitabu za wakfu alizokuwa ameazima, akayazuru makaburi ya masheikh zake, akarudi kwa baba yake Nawa, akafa huko Rajabu ya mwaka ule ule, umri wake haujatimia miaka hamsini.

Yule ami wa minazi si Sultani. Hana askari wala gereza. Linalotakiwa kwa watu wa baraza si kumpigia kelele sokoni wala kumfedhehi msikitini, kwani kumfedhehi mtu kabla ya kumwambia kwa siri ni kumtafutia ukaidi. Ni watu wawili au watatu anaowastahi, waende kwake baada ya sala ya Isha, wabishe hodi, wakae, wamweleze kwa upole hukumu ya walii kama ilivyo katika Minhaji, na wamtajie minazi kwa idadi yake, ili ajue kuwa wamekuja na ujuzi, si na uvumi. Akirudi, ahesabu nazi za miaka ile na arejeshe, na siri yake ibaki kwao. Asiporudi, wampeleke mjane kwa kadhi, wala wasimwambie aende peke yake. Makadhi wapo, Kenya wamethibitishwa katika Katiba ya mwaka 2010, na mirathi ya Waislamu wanaokubali kuhukumiwa nao ni katika kazi zao, na Zanzibar vilevile mahakama ya kadhi ipo.

Siku hiyo mkwezi ataitwa. Ataulizwa alama ya mpaka ilikuwa wapi, na minazi ilikuwa mingapi. Na kabla ya siku hiyo, mwenye shamba mmoja katika watu wale wa baraza na amwambie kuwa kazi ya kwake ipo, na kamba yake ya kukwelea itapata minazi ya kupanda kesho yake.

Wallahu aalam.